Mafuta na Maji katika Somo la Sayansi

Jaribio la mafuta na maji mara nyingi hupewa dakika tano tu. Mwalimu humimina, mafuta huelea, naye huandika ubaoni kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, kisha hupita kwenye mada nyingine. Sentensi hiyo hupotosha. Debe la mafuta humtoa mtu jasho, ilhali kijiko cha maji hubebwa na mtoto mchanga.

Yafaa kuanza kwa kuwataka wanafunzi wabashiri. Mafuta ya alizeti yatiwe katika bilauri, kisha mwalimu aulize: nikimimina maji juu yake, yatakaa wapi? Wengi hudhani yatabaki juu kwa kuwa yametiwa baadaye. Kila mmoja aandike jibu lake daftarini kabla ya kumimina. Maji yanapoteremka na kuyainua mafuta, darasa huwa na swali la kwake lenyewe. (Mafuta ya nazi hufaa pwani, lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, mwalimu wa nyanda za juu atajikuta amebeba donge.)

Hapo hapana budi kutazama lugha. Kiswahili hutumia neno "zito" kwa mzigo na kwa uji pia. Basi mwanafunzi atasema kwa haki kabisa kwamba mafuta ni mazito kuliko maji, maana hutiririka polepole, na atashangaa kwa nini yanaelea. Asikemewe. Apewe asali, aimimine polepole katika maji, aione ikizama. Vitu viwili vizito kama uji, kimoja huelea, kingine huzama: uzito wa namna hiyo, basi, sio unaoamua.

Ndipo tupime. Chupa mbili za soda zilizo sawa zifungwe kwenye ncha za fimbo iliyoning'inizwa katikati, nazo zisawazishwe zikiwa tupu. Kisha moja ijazwe maji na nyingine mafuta, mpaka alama moja. Upande wa maji utashuka. Penye mizani ya kweli, sentimita za ujazo 100 za maji zitaonyesha gramu 100 hivi, na za mafuta ya alizeti gramu 92 hivi. Sasa neno densiti lina kitu cha kushika.

Lakini densiti hueleza nani atakaa juu tu. Haielezi kwa nini hawachanganyiki. Spiriti ni nyepesi kuliko maji, na bado huchanganyika nayo. Sababu ni kwamba molekuli za maji huvutana zenyewe kwa nguvu, na za mafuta hazina cha kuzishika. Sabuni hupatanisha, kwa kuwa molekuli yake hushika maji kwa ncha moja na mafuta kwa nyingine. Wanafunzi watikise chupa mbili, moja yenye sabuni na moja isiyo nayo, wahesabu dakika mpaka tabaka zirudi.

Kwa darasa la juu kuna jaribio lililofanywa na Joseph Plateau wa Ubelgiji katika miaka ya 1840. Tone la mafuta hutiwa katika spiriti, nalo huzama. Maji yakiongezwa kidogo kidogo, tone huinuka, likasimama katikati likiwa duara kamili kama mpira. Moto wowote uwekwe mbali, kwani spiriti huwaka upesi.

Mafuta ya taa yasitumiwe na watoto. Na jambo la kikaango kinachowaka lielezwe kwa maneno tu, lisijaribiwe kamwe. Maji yakimwagwa humo huzama chini ya mafuta, kama walivyoona katika bilauri. Huko hugeuka mvuke mara moja, nao hutanuka zaidi ya mara elfu na kuyarusha mafuta yenye moto usoni mwa mpishi. Kikaango hufunikwa kwa mfuniko, na jiko huzimwa.