Siku 84 zimekwisha, mtoto bado ananyonya

Likizo yangu ya uzazi ilimalizika siku ya Jumapili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa siku 84 zenye malipo, na siku 100 iwapo amejaaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Mwajiri wangu, sina budi kumtendea haki, hakunipunguzia hata siku moja. Jumatatu nilitakiwa ofisini. Binti yetu alikuwa na wiki kumi na moja, maana siku chache za likizo zilikwisha kabla hajazaliwa, na hakuwa amewahi kunyonya chupa.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mwanawe ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ni haki njema, na dada zetu walioajiriwa waijue na waidai. Lakini sisi tunaishi Chanika, na ofisi ilikuwa katikati ya jiji. Siku yenye foleni, saa mbili hizo zaweza kuishia zote ndani ya daladala, kwenda tu, bila kurudi. Kwa muda wa miezi miwili nilikamua maziwa katika stoo ya majalada, nikayamwaga jioni kwa kukosa jokofu la kuyahifadhi. Mwezi wa tatu, baada ya kushauriana na mume wangu, niliandika barua ya kuacha kazi na kuanza kutafuta kazi ya kufanyia nyumbani.

Natumia maneno hayo kwa uangalifu. Nilipomwambia jirani yangu kwamba natafuta "kazi za nyumbani", alinitazama kwa huruma na kuniuliza kama hali imekuwa mbaya kiasi hicho.

Kazi ya kwanza niliyoipata haikuchukua hata wiki kunifikia. Ilikuwa ya kampuni moja inayokopesha kwa njia ya simu. Nilitakiwa kukaa nyumbani, nipewe orodha ya wadaiwa, niwapigie na kuwaandikia ujumbe, na wasipolipa niwaandikie jamaa zao ambao namba zao zilichukuliwa kwenye simu za wadaiwa wenyewe. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko ule niliouacha. Wasomaji wanaijua mikopo hii ambayo mitaani huitwa "kausha damu". Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu nyingi za namna hii zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nakiri kwamba nilikaa na ofa ile siku mbili nzima, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia. Kilichonizuia ni hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) hakuwalaani mla riba na mwenye kumlisha tu, bali pamoja nao aliwataja mwandishi wake na mashahidi wawili. Nami ni karani wa hesabu. Kazi yangu ni kuandika.

Nyingine zilizonijia baada ya hapo hazikuwa kazi kabisa. Mtu anayekutaka utume ada ya usajili kabla hujafanya lolote, au anayekulipa kwa kuwaingiza wenzako badala ya kukulipa kwa kitu ulichokitengeneza, anakutafuta wewe, hatafuti mfanyakazi. Sitapoteza nafasi zaidi kwa hao.

Kazi halali zinazoweza kufanyiwa nyumbani zipo, ila zinatofautiana kwa jambo moja ambalo matangazo hayalisemi: ipo kazi inayotaka sikio lako katika saa maalumu, na ipo inayotaka mzigo uliokamilika katika tarehe maalumu. Kupokea simu za wateja ni ya aina ya kwanza, na mtoto mchanga hajui kwamba mteja yupo hewani. Kunukuu mahojiano ya watafiti kutoka kwenye sauti hadi maandishi ni ya aina ya pili. Niliifanya kwa wiki sita. Mahojiano ya saa moja huchukua si chini ya saa nne kuandikwa, na wazungumzaji wakiingiliana huwa zaidi. Nililipwa shilingi 20,000 kwa kila saa moja ya sauti. Gawanya kwa nne au tano, kisha ondoa bando na umeme, utajua kilichobaki.

Kufundisha kwa njia ya video kunategemea mwanafunzi yuko wapi. Dada mmoja ninayemfahamu hufundisha Kiswahili watoto wa familia zenye asili ya Zanzibar. Alianza na watoto walioko Muscat, ambako saa iko mbele ya yetu kwa saa moja tu. Wao walikuwa huru saa kumi na moja jioni, yaani saa kumi kwetu, wakati ambao mwanawe yu macho na anataka kubebwa. Alipopata wanafunzi wa London mambo yalibadilika: saa kumi na moja yao ya jioni, wakati wa baridi, huku kwetu ni saa mbili usiku, na mtoto amelala. Majira ya joto huwa saa moja, na hapo inabidi babake ashike zamu. Ada ni ile ile. Kilichobadilika ni saa.

Mimi niliirudia fani yangu. Wenye maduka wengi hawahitaji mhasibu wa kukaa nao kutwa. Wanahitaji mtu wa kupanga risiti na kuandaa hesabu kabla ya tarehe za kodi. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT, kwa waliosajiliwa, hupelekwa ifikapo tarehe 20. Huo ni mzigo unaojulikana siku yake mapema. Nilijiwekea mwisho wangu mwenyewe kuwa tarehe 3 na tarehe 14, kwa sababu homa ya mtoto haitazami kalenda ya mamlaka ya mapato.

Wapenzi wasomaji, hadi hapa mtadhani jambo limekwisha: kazi imepatikana, mama yuko nyumbani, mtoto yuko mapajani. Hilo la mapajani ndilo lililokaribia kuniharibia. Mwezi wa kwanza nilijaribu kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, huku mkono mmoja ukiwa kwenye kompyuta na mwingine ukiwa umemzunguka binti yangu. Siku moja alinyoosha kiganja chake akagonga kitufe, na mauzo ya shilingi 1,450,000 yakawa 14,500,000. Sikuona. Mwenye duka ndiye aliyeona, tena kwa bahati, kwa kuwa anajua hajawahi kuuza kiasi hicho kwa siku tangu azaliwe.

Usiku ule mume wangu aliniuliza kazi ile inataka saa ngapi kwa siku. Nikamwambia nne. "Basi kwa saa nne hizo," akasema, "mtoto lazima awe na mtu mwingine asiyekuwa wewe." Maneno mepesi, lakini hakuna aliyekuwa ameyasema ndani ya nyumba yetu. Wote tulikuwa tumechukulia kwamba kuwa nyumbani ndiko kulea.

Tumezoea kusikia mihadharani kwamba Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara ilhali yeye yuko Makka na mali yake iko njiani kwenda Sham. Ni kweli. Lakini ni nadra mzungumzaji kukumbusha kwamba alikuwa na Maysara, na kwamba aliajiri watu wa kumsafirishia. Mikono ilikuwepo.

Tulizigawa saa zetu. Moja na nusu ni baada ya sala ya Alfajiri, mtoto akiwa bado amelala. Mbili ni kuanzia saa kumi jioni, mume wangu, ambaye ni mwalimu, anaporudi shuleni. Hizo ni zake, na hatoki nazo kwenda barazani. Nusu saa iliyobaki huichukua usiku. Usingizi wa mchana sikuuhesabu, kwani mtoto hulala apendavyo. Mama mkwe alipokuja kututembelea alimkuta mwanawe akibadilisha nepi nami nikiwa chumbani nimefunga mlango. "Mwanangu," akaniambia, "si ulisema umeacha kazi ili umlee mtoto?" Nilinyamaza. Mume wangu ndiye aliyejibu, akamkumbusha aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayowataja kina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili, ikaweka chakula na mavazi yao juu ya baba, na ikataka hata kuachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Mama mkwe alikaa kimya kidogo, kisha akauliza nepi safi ziko wapi.

Kosa jingine lilikuwa langu peke yangu. Mteja wa kwanza tulikubaliana kwa mdomo, kwa kuwa ni mtu wa msikiti mmoja nasi. Mwisho wa mwezi alinilipa nusu, akisema alidhani kazi ni ndogo kwa vile nilikuwa nikiifanya nyumbani. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya sura hiyo hiyo, inahusu kuandikiana deni lenye muda! Siku hizi kila mteja hupata karatasi moja: kazi gani, itakamilika lini, malipo kiasi gani na tarehe gani, na saa zipi ninapokea simu.

Kipato changu kimeshuka karibu nusu ya mshahara wa zamani. Nikiondoa nauli na chakula cha mchana nilivyokuwa nikitumia, pengo halisi ni kama theluthi. Kinachonisumbua zaidi ni michango ya hifadhi ya jamii, ambayo ilikatika siku nilipoacha ajira. NSSF huwapokea waliojiajiri kwa hiari, nami nimejiandikisha, lakini sasa hakuna mwajiri wa kuongeza sehemu yake juu ya yangu. Anayepanga kuacha kazi alihesabu hilo mapema, mimi sikulihesabu.

Binti yetu ana miezi kumi na minne. Ananyonya, anatembea, na ameshajua mlango wa chumba kile ukifungwa ni wakati wa baba. Wiki iliyopita mwenye duka la tatu, ambaye ndiye anayelipa vizuri kuliko wote, ametaka niwe nakwenda Kariakoo kila Alhamisi kutwa nzima. Ametaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Bado tunashauriana.