Nusu Kaputi: Ukilazwa Pale, Wewe Unakwenda Wapi?

Mtu akiambiwa atafanyiwa upasuaji kwa nusu kaputi, mara nyingi haogopi kisu. Anachouliza ni, "Hivi nitaamka kweli?" Nyuma ya swali hilo kuna lingine gumu zaidi: muda ule wote ambao sijitambui, mimi nakuwa wapi?

Kwanza, historia kidogo. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya watu, na daktari John Collins Warren akampasua uvimbe shingoni. Kabla ya hapo upasuaji ulikuwa ni kushikiliwa kwa nguvu huku unapiga mayowe. Leo zipo dawa nyingine, kama propofoli, ile nyeupe kama maziwa, na ketamini, inayotegemewa sana kwenye hospitali zenye vifaa vichache.

Tumezoea kuziita dawa za usingizi, lakini huo si usingizi wa kawaida. Aliyelala ukimtikisa anaamka. Aliyepewa nusu kaputi anachanwa ngozi na wala hashtuki. Propofoli huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva. Hata hivyo, ubongo hauzimiki kama taa. Kinachovunjika ni mazungumzo kati ya sehemu zake.

Fikiria mdahalo pale ukumbini. Huyu anatoa hoja, yule anapinga, wa tatu anaongeza lake. Sasa fikiria ukumbi uleule na watu walewale, lakini wote wanaitikia "eee" kwa pamoja, kimya, halafu "eee" tena. Sauti zipo, mdahalo haupo. Chini ya propofoli seli nyingi za ubongo hufanya hivyo: zinanyamaza pamoja na kuamka pamoja, kwa mawimbi ya polepole. Mtafiti Marcello Massimini wa Italia na wenzake waliupima ubongo kwa kuugusa na mshtuko mdogo wa sumaku. Kwa mtu aliye macho, mwitikio ulisambaa sehemu nyingi. Kwa aliyelala usingizi mzito, au aliyepewa dawa ya kumpoteza fahamu, uliishia palepale ulipoanzia.

Lakini hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mwaka 1977 daktari Tunstall wa Uingereza alieleza njia rahisi ya kumchunguza mgonjwa. Kabla ya kumpa dawa ya kulegeza misuli, unaufunga mkono wake mmoja kwa mkanda kama ule wa kupimia presha, ili dawa isifike huko. Kisha unamwambia, "Kama unanisikia, minya mkono wangu." Jamani, wapo wanaominya! Na wakiamka, wengi wao hawakumbuki kitu.

Kumbe neno letu "fahamu" limebeba mambo matatu: kutambua kinachotokea, kukumbuka baadaye, na kuweza kujibu. Dawa inaweza kuondoa moja na kuacha lingine. Sisi wa elimu hili linatuhusu, maana zoezi la "ufahamu" darasani tunalipima kwa majibu tu, na asiyejibu tunasema hajaelewa.

Je, mtu akihisi maumivu kisha akayasahau, ameumia au hajaumia? Wapo watakaosema kama hakumbuki, yameisha. Mimi sikubaliani nao. Maumivu yana mwenyewe wakati ule yanapotokea, hata kama kesho hatasimulia. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hachomi sindano akaondoka. Anakaa pale mpaka mwisho, anaangalia mapigo ya moyo, presha na pumzi, anaongeza dawa au kupunguza. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa waliotoa taarifa ya kukumbuka upasuaji wao walikuwa takriban 1 kati ya 19,000. Ni wachache sana, lakini kila mmoja ni mtu.

Kwa hiyo ukipangiwa upasuaji, mwambie mtaalamu huyo ukweli wote: pombe, bangi, dawa unazotumia, pumu, mzio. Ukiambiwa usile, usile hata andazi moja, kwa sababu chini ya dawa koo halijilindi tena, na chakula kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Na lile swali la uko wapi? Mambo ya roho nawaachia viongozi wa dini. Kwa upande wa ubongo, hujaenda popote. Mdahalo umesimamishwa, wajumbe wote wamo ukumbini, na yupo mtu mlangoni anayehesabu pumzi zako mpaka uanze tena.