Shukia Kwenye Panzi

Wapo wanaodhani picha kwenye bango la kituo ni pambo, au ni huruma kwa asiyejua kusoma. Mawazo hayo huniudhi, hasa yakitoka kwa wale wanaopanga barabara na vituo vyetu. Waende Mexico City, wapande treni ya chini ya ardhi kuelekea magharibi. Kule mgeni anaweza kuelekezwa bila kutajiwa jina hata moja la mahali: ukiona mzinga wa vita, tulia, atapita tai, kengele, kisha mfereji wa matao, kwenye panzi, shuka.

Panzi huyo ndiye nembo ya kituo cha Chapultepec, jina linalotokana na Kinahuatl, lugha ya Waazteki, yaani kilima cha panzi. Njia ya kwanza ilifunguliwa Septemba 1969, na michoro ya vituo ilibuniwa na Mmarekani Lance Wyman pamoja na wenzake wa Mexico, muda mfupi baada ya yeye kuchora alama za Olimpiki ya 1968 katika jiji hilohilo. Sababu ilikuwa wazi. Sensa ya 1970 ilionyesha kuwa takriban robo ya watu wazima nchini humo hawakujua kusoma wala kuandika, na Olimpiki ilikuwa imeshaonyesha kuwa hata mgeni msomi, asipokijua Kihispania, ni kama hajui kusoma.

Ujanja mkubwa uko katika kuchagua kitu cha kuchora. Si lazima jina lenyewe lichorwe. Wachoraji waliuliza: hapa pana nini, au palitokea nini? Kituo cha Merced kina kreti la matunda kwa sababu juu yake pana soko kubwa. Pino Suárez ni jina la mwanasiasa, lakini nembo yake ni madhabahu ya duara ya Ehécatl, mungu wa upepo, iliyofukuliwa wakati wa kuchimba njia na kuachwa palepale, abiria wakipita kando yake. Katika Talismán walikuta mifupa ya mamothi, yule tembo wa kale, basi kituo kikapewa mamothi. Umbo huwa jeupe, limepunguzwa hadi yabaki mambo machache tu, juu ya rangi ya njia husika: waridi kwa njia ya kwanza, bluu kwa ya pili. Pale abiria anapoweza kubadilisha treni, rangi za njia zote hugawana uwanja wa nembo kwa mshazari. Kwa hiyo mchoro mmoja mdogo unajibu maswali mawili, niko wapi na naweza kuunganisha kwenda wapi, kabla jicho halijafika kwenye herufi.

Linganisha na ramani ya Harry Beck ya treni za chini ya ardhi za London, aliyoichora 1931, ikakataliwa kwanza, kisha ikachapishwa 1933. Ni kazi safi, ila ilitengenezwa kwa msomaji. Aliinyoosha mistari na kuyapuuza masafa, akiamini kuwa aliye chini ya ardhi hahitaji kujua kona za barabara iliyo juu. Massimo Vignelli alipojaribu jambo kama hilo New York mwaka 1972, wakazi walilalamika: bustani yao kubwa ilikuwa imegeuzwa mraba. Ramani hiyo ikaondolewa 1979. Watu wa New York hutembea juu ya ardhi wakijua mitaa yao, na mchoro uliopingana na miguu yao hawakuuamini.

Hata Mexico City, yenye vituo 195 sasa, haikosi kasoro. Vituo vingi vina vichwa vya mashujaa, na kwa mwendo wa treni kichwa cha shujaa mmoja hufanana na cha mwingine. Zapata ameokolewa na kofia yake. Kituo ninachokipenda mimi ni Etiopía, chenye kichwa cha simba, kwa kuwa Mexico ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizokataa kutambua unyakuzi wa Ethiopia uliofanywa na Italia mwaka 1936. Addis Ababa nayo ina uwanja uitwao Mexico.

Dar es Salaam nusu ya kazi ilishafanyika zamani. Daladala zina mistari ya rangi ubavuni kulingana na njia, na majina ya vituo vya mwendokasi ni kama yalitungwa na mchoraji: Fire, Magomeni Mapipa, Mkwajuni. Gari la zimamoto, pipa, ukwaju. Nani kayachora? Tumeishia kwenye herufi, na huko mitaani hata herufi zenyewe zimefunikwa na karatasi za waganga na sura za wagombea wa uchaguzi uliopita. Kazi ngumu ingebaki kwa vituo vya Kanisani, Sokoni na Kona, ambavyo kila kata inavyo. Hapo ingebidi mchoraji amuulize muuza machungwa wa pale kituo hicho kina nini ambacho vingine havina.

Kwingineko mbinu hii imeshika. Fukuoka, Japani, kila kituo cha treni ya chini ya ardhi kina alama yake. Mabasi ya Metrobús ya Mexico City yamefuata. Na katika bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington, Wyman alitumia nyayo za wanyama kuwaongoza wageni njiani.