Fahamu: Kwa nini uchumi wa kisiwa huyumba haraka

Desemba 2009 njia ya umeme inayovuka bahari kutoka bara iliharibika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Pampu zikasimama, maji yakawa adimu mitaani, hoteli zikaishi kwa jenereta. Kosa halikuwa udogo wa kisiwa. Kosa lilikuwa kutegemea njia moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa karafuu: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na karne moja baadaye Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake, bei iliporomoka. Leo utalii umeshika nafasi ya karafuu, na mwaka 2020 ndege zilipokoma kutua, mishahara ya wengi nayo ilikoma.

Mkulima wa Tandala, huko bara, anaweza kusema naye anaishi kwa viazi tu, tena vya lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, bei akipangiwa na dalali. Ni kweli, na machungu yake si madogo. Lakini lori lake likifika Makambako lina barabara ya Dar es Salaam na ya Mbeya. Kisiwa kina meli na ndege tu. Wengine husema basi visiwa havina namna. Kisiwa cha Morisi kinawakanusha: kilipata uhuru 1968 kikitegemea sukari, kikafungua viwanda vya nguo kuanzia 1970, kisha utalii na huduma za fedha. Zanzibar ianzie mezani: mboga na samaki wanaoliwa hotelini watoke kwanza kwa wakulima na wavuvi wa Unguja na Pemba, ili fedha ya mgeni isiondoke naye.