Kompyuta Inaposoma Stakabadhi Zako: Kagua Jina na Nambari

Afisi nyingi za umma zinahamisha stakabadhi za karatasi hadi kwenye kompyuta: risiti za kodi ya ardhi, faili za leseni za biashara, sajili za wagonjwa. Mkazi anapoambiwa kwamba faili yake imeingizwa kwenye mfumo, yafaa ajue kuwa kazi hiyo ina hatua mbili.

Kwanza karatasi hupigwa picha kwa skana. Kwa kompyuta, picha hiyo ni nukta tu. Ukitafuta jina lako humo hulipati, ingawa macho yako yanaliona. Kisha programu huchunguza nukta hizo na kuzigeuza kuwa herufi na tarakimu zinazoweza kutafutwa. Makosa mengi huingia hapo.

Maandishi ya chapa hayasumbui sana, mradi karatasi iwe safi. Matatizo huja muhuri ukipigwa juu ya jina, au nakala ikiwa imetolewa kutoka kwa nakala nyingine. Alama za penseli ni rahisi zaidi, na ndiyo sababu karatasi za majibu za KCPE zilisahihishwa kwa mashine kwa miaka mingi: mashine ilihitaji tu kujua kistari kimechorwa wapi.

Mwandiko wa mkono ni jambo jingine. Mwaka 1989, Yann LeCun na wenzake katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani waliifunza kompyuta kutambua tarakimu za msimbo wa posta zilizoandikwa kwa mkono kwenye bahasha. Hawakuieleza saba ina umbo gani. Waliionyesha maelfu ya mifano hadi ikajifunza yenyewe, na programu za leo bado hufunzwa kwa mifano. Kwa hivyo mashine hukisia kile kinachokaribiana zaidi na ilichowahi kuona. Iliyofunzwa kwa maneno ya Kiingereza pekee hutatizika na majina yetu.

Kosa baya si lile linaloonekana. Wanjiru akiandikwa "Wanj1ru", karani atashtuka na kurekebisha. Akiandikwa Wanjiku, hakuna atakayeshuku, kwani hilo pia ni jina. Nambari ni hatari zaidi, maana hakuna kamusi ya kuzipima. Kipande cha ardhi nambari 147 kikisomwa 141, malipo yako yanaweza kuingia kwenye akaunti ya jirani, nawe uonekane una deni. Katika faili ya hospitali, nukta ikipotea, 0.5 husomeka kuwa 05.

Programu nyingi hutoa kipimo cha uhakika kwa kila zinachosoma, na karani hupitia yale yenye shaka. Ulinzi huo ni mzuri lakini hautoshi, kwa kuwa mashine huweza kukosea ikiwa na uhakika kabisa.

Unapojaza fomu, tumia kalamu nyeusi au ya buluu, herufi kubwa, na herufi moja kwa kila kisanduku. Usitie sahihi juu ya nambari. Ukituma picha kwa simu, laza karatasi mahali penye mwanga na uhakikishe pembe zote nne zinaonekana.

Faili yako ikishaingizwa, omba kuonyeshwa kilichoandikwa. Linganisha jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya kipande cha ardhi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa familia zinazoshughulikia mali ya marehemu, hili lisisubiri, kwa sababu aliyejua historia ya risiti hizo hayupo tena kueleza.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuomba taarifa zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe. Nenda na stakabadhi asili pamoja na kitambulisho, na baada ya marekebisho usitupe zile risiti za zamani.