Jiwe Ligeukavyo Saruji

Wasikilizaji wetu wa Tunduma na Mbozi, Songwe tuitajayo hapa si mkoa wenu ulioanzishwa mwaka 2016, bali ni ile iliyo karibu na mji wa Mbeya, penye kiwanda cha saruji. Mawe ya chokaa ya huko yaliwekwa tangu kale na chemchemi za maji moto. Tukiyachoma peke yake twapata chokaa tu: kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, zikabaki 56.

Saruji yataka zaidi. Chokaa hiyo sharti iungane na silika ya udongo, nazo haziungani ila chembe zigusanapo. Ndiyo sababu ya kusaga. Kipande cha jiwe chenye sentimita 1 kila upande kina uso wa sentimita 6 za mraba. Tukikigawa vipande 1,000 vya milimita moja moja, uso wawa 60. Unga huo hutiwa katika tanuu yenye joto la sentigredi 1,450 hivi, ukayeyuka sehemu tu, ukatoka vijiwe vigumu. Navyo husagwa tena pamoja na jasi kidogo, ili mwashi apate muda wa kufanya kazi kabla saruji haijashika.

Watu husema saruji hukauka. Sivyo, hushika kwa kuungana na maji. Basi mfuko uliolazwa juu ya sakafu yenye unyevu huanza kazi kabla ya mwashi mwenyewe, naye huukuta una mabonge. Uwekwe juu ya mbao.