Mguu wa Mtoto Ukilegea Ghafla: Tujue Virusi vya Polio na Wajibu Wetu



Mwaka 2023 mtoto mmoja mdogo wa mkoani kwetu Rukwa alipooza. Sampuli zake zilipopimwa ilionekana kuwa ni polio. Wengi tulishangaa. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika Tanzania alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi yetu ilithibitishwa kuwa haina tena polio hiyo. Vijana wengi wanaoongoza jumuiya zetu leo hawajawahi kumwona mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu. Wazee wanawakumbuka wenzao waliotembea kwa magongo tangu utotoni, lakini walidhani habari hiyo imekwisha.

Tangu hapo maswali yamekuwa mengi. Je, polio ni ugonjwa wa miguu au wa ubongo? Kwa nini inasemekana ilitokana na chanjo? Na kwa nini wahudumu wa afya wanadai kinyesi cha mtoto aliyepooza badala ya kumpa dawa? Makala haya yanajaribu kujibu maswali hayo kwa lugha nyepesi, bila kuficha kitu.

Ugonjwa unaanzia mdomoni na kuishia kwenye fahamu

Virusi vya polio huingia kwa njia ya mdomo, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye virusi, au kwa mikono isiyonawiwa. Huzaliana kooni na tumboni. Watoto wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine hupata homa, kuumwa kichwa, kutapika au shingo kukakamaa, kisha wanapona. Lakini wote, hata wasioumwa, hutoa virusi kwa njia ya haja kubwa kwa muda wa wiki kadhaa.

Kwa wastani, katika kila watoto 200 walioambukizwa, mmoja hupooza moja kwa moja. Kwa huyo mmoja virusi vimetoka tumboni, vikapita katika damu na kuingia katika uti wa mgongo. Huko huua chembe za fahamu zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Mguu wenyewe hauna kidonda wala mfupa uliovunjika, ila amri haifiki tena. Virusi vikipanda hadi sehemu ya chini ya ubongo, mtoto hushindwa kumeza na hata kupumua. Kati ya watoto 100 waliopooza, 5 hadi 10 hufariki kwa sababu misuli ya kupumua imesimama.

Chembe hizo za fahamu zikishakufa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Ndiyo maana kinga ni kila kitu katika ugonjwa huu.

Elimu hii ilipatikanaje?

Mwaka 1908, mjini Vienna, Karl Landsteiner na Erwin Popper walichukua sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto aliyefariki kwa kupooza, wakawadunga nyani. Nyani wakaugua. Hapo ikajulikana kuwa ugonjwa huu unaambukizwa na kitu kidogo kuliko bakteria.

Kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliamini kuwa virusi hivi huishi katika chembe za fahamu tu. Mwaka 1949, katika mji wa Boston, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walivikuza katika chembe nyingine za mwili ndani ya vyombo vya maabara. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1954, na ndiyo iliyofungua njia ya chanjo ya sindano ya Jonas Salk mwaka 1955 na chanjo ya matone ya Albert Sabin miaka michache baadaye.

Baadhi ya kazi hizi zimefanywa na watu ambao hawakuwa bado na majina makubwa. Katika vyuo vikuu kuna ngazi ya watafiti waliokwisha kupata shahada ya uzamivu, ambao hukaa miaka michache katika maabara ya bingwa ili wakomae katika fani yao. Mmoja wao alikuwa Vincent Racaniello. Mwaka 1981, akiwa mtafiti wa ngazi hiyo katika maabara ya David Baltimore huko Marekani, alinakili maandishi yote ya urithi wa kirusi cha polio, ambayo ni kama herufi 7,440. Akaonyesha kuwa nakala hiyo ikiwekwa ndani ya chembe hai inazaa virusi kamili. Mwaka 1989 maabara yake mwenyewe ilishiriki kugundua kipokeo kilicho juu ya chembe za binadamu, ambacho kirusi hukitumia kuingilia kama ufunguo unavyoingia katika kufuli.

Msomaji wa Katandala anaweza kuuliza: herufi za kirusi zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu, kwa sababu kirusi cha polio kinapopita kutoka mtoto hadi mtoto herufi zake hubadilika kwa kasi inayojulikana, takriban moja katika kila 100 kwa mwaka. Maabara ikizisoma inaweza kukadiria kirusi kimezunguka muda gani bila kuonekana, na kinafanana na kile kilichopatikana katika nchi gani. Kwa njia hiyo iligundulika kuwa polio iliyompooza mtoto nchini Malawi, iliyotangazwa Februari 2022, ilikuwa na asili ya Pakistan.

Ukweli kuhusu chanjo

Hapa tunaomba usikivu, maana ndipo uvumi unapozaliwa. Kirusi kilichopatikana Rukwa mwaka 2023 kilikuwa cha aina ya 2 kilichotokana na chanjo ya matone. Hilo ni kweli, na mwanakamati akiulizwa asilikanushe. Ila aeleze namna lilivyotokea.

Chanjo ya matone ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akipewa, tumbo lake linajifunza kupigana, naye hutoa virusi hivyo dhaifu kwa haja kubwa. Mahali ambapo watoto karibu wote wamechanjwa, virusi hivyo havipati pa kwenda, vinakwisha. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, vinapita kutoka mmoja hadi mwingine, mwezi baada ya mwezi, herufi zikibadilika, mpaka vinarudia ukali wa zamani. Kwa hiyo ugonjwa huu hauletwi na mtoto mmoja kupewa matone. Unaletwa na wengi kuyakosa.

Kuna sababu nyingine pia. Polio ya asili ya aina ya 2 ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2015. Kwa hiyo mwezi Aprili 2016 nchi zote ziliondoa aina hiyo katika matone ya kawaida. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wakakosa kinga ya tumboni dhidi ya aina ya 2. Sindano inawalinda wasipooze, lakini haizuii vizuri virusi kuzaliana tumboni na kusambaa. Ndiyo maana kampeni ya Septemba 21 hadi 24 mwaka 2023, katika mikoa ya Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, ililenga watoto wote walio chini ya miaka 8, na siyo wachanga tu.

Watafiti nao hawakulala. Timu zikiongozwa na Raul Andino wa Marekani na Andrew Macadam wa Uingereza zilibadilisha herufi chache za kirusi cha chanjo ili kisirudie ukali kwa urahisi. Chanjo hiyo mpya ya aina ya 2 iliruhusiwa kwa dharura Novemba 2020. Je, imemaliza tatizo kabisa? Hapana. Machi 2023 ilitangazwa kuwa watoto saba, sita wa Kongo na mmoja wa Burundi, walikuwa wamepooza kutokana na virusi vilivyotoka katika chanjo hiyo mpya. Wakati huo karibu dozi milioni 600 zilikuwa zimetolewa katika nchi 28. Hatari imepungua sana, lakini katika jamii yenye watoto wengi wasiochanjwa bado ipo.

Tukumbuke pia jiografia yetu. Kutoka Sumbawanga barabara inateremka kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, na ng'ambo ya ziwa ndiyo Kongo. Wavuvi, wafanyabiashara na wageni wa misiba huvuka kila siku, na virusi vinaweza kuvuka pamoja nao bila mtu kuumwa.

Siku 14 za kwanza

Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 akilegea ghafla mguu au mkono, bila kuumizwa, taarifa itolewe siku hiyo hiyo katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Si kila mtoto wa namna hiyo ana polio. Yapo magonjwa mengine ya fahamu yanayolegeza viungo, na hata sindano iliyochomwa vibaya inaweza kufanya hivyo. Kazi ya kutofautisha ni ya maabara. Kazi yetu ni kutoa taarifa.

Maabara inahitaji sampuli mbili za kinyesi, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanza. Sampuli husafirishwa katika chombo chenye barafu. Baada ya siku hizo virusi hupungua katika kinyesi, na jibu linaweza kupotea kabisa. Hapo ndipo tunapokwama vijijini. Siku tatu zinapita familia ikingoja homa iishe. Wiki inapita kwa mganga wa kienyeji, kwa kuwa imesemwa mtoto amerogwa. Wiki ya pili inakwisha katika kutafuta nauli. Mtoto akifika kituoni siku ya 20, mashine zote za dunia haziwezi kurudisha siku zilizopotea.

Wataalamu wanatarajia kila mwaka kupata taarifa za angalau watoto 2 waliolegea ghafla kwa sababu nyingine zisizo polio, katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15. Wilaya isiyotoa taarifa hata moja haihesabiwi kuwa salama. Inahesabiwa kuwa haisikii.

Tunachomwambia mama

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Mhudumu anapofika nyumbani kuomba kinyesi, mama atauliza: "Hiki mnachochukua kitamponya mwanangu?"

Jibu la kweli ni hapana. Kitawaokoa watoto wa majirani, wa kijiji cha pili na hata wa ng'ambo ya ziwa, watu ambao mama huyo hatawajua kamwe. Tunamwomba atoe sadaka kubwa katika saa yake mbaya kuliko zote. Basi si haki kuchukua sampuli, kuendesha kampeni, kisha kumwacha na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo tunazisihi kamati zetu zifanye mambo haya:

1. Kila jumuiya iwe na mtu mmoja anayejulikana, wa kupokea habari za mtoto aliyelegea ghafla na kuzifikisha kituoni siku hiyo hiyo.

2. Mfuko wa kamati utenge nauli ya dharura, ili familia isipoteze siku ikitafuta mkopo.

3. Kadi za kliniki zikaguliwe wakati wa kutembelea familia. Matone ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano kama kadi inavyoonyesha. Aliyepitwa aelekezwe bila kuaibishwa.

4. Vyoo na mahali pa kunawa mikono vipewe uzito ule ule tunaoupa ujenzi mwingine.

5. Mtoto aliyepooza asisahauliwe. Wataalamu humrudia baada ya siku 60 kumpima. Sisi tumrudie mara nyingi zaidi. Anahitaji mazoezi ya viungo, vyuma vya mguu au magongo yanayobadilishwa kadiri anavyokua, na anahitaji kufika shuleni.

Kwenu wahisani: fedha za chanjo na maabara zimeokoa wengi. Mwaka 1988 polio ilikadiriwa kuwapata watu 350,000 duniani kwa mwaka. Leo idadi hiyo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini jozi ya vyuma vya mguu, na fundi wa kuvirekebisha kila mtoto anapoongezeka urefu, haviingii kwa urahisi katika bajeti za kampeni. Mkitaka kujua mahali ambapo mchango mdogo unaonekana kwa macho, ni hapo.

Mwaka 2023 mlolongo mzima wa wataalamu ulianza kufanya kazi kwa sababu kwanza mtu mmoja hapa Rukwa alimwona mtoto amelegea, akasema. Bila yeye herufi zile zisingesomwa na mtu yeyote. Wanakamati, mtu huyo katika kigango chenu ni nani? Kama hamjamchagua, mchagueni katika kikao kijacho.